Tone la Nawoi

Ekaale alimeza kabla kijiko hakijafika mdomoni.

Abei, mkewe, alidhani macho yanamdanganya. Tangu kiharusi kimwangushe kwao Kakuma, mumewe hakuwa amemeza hata mate. Alilishwa kwa mpira uliopita puani. Hapa hospitalini Lodwar, mtaalamu aitwaye Adut alikuwa akimfunga sponji mbili zenye waya kichwani na kupitisha umeme mdogo, ili ubongo ukumbuke kumeza. Siku ya tisa koo likaamka.

"Ejok, mama, ni vizuri. Imerudi," Adut alisema akitabasamu. "Lakini pole pole. Kijiko moja, halafu tungoje."

Abei alifurahi hadi akalia. Kilichomsumbua ni jambo la jana. Kwao tone la kwanza la maziwa humwagwa chini kwa ajili ya wafu wa nyumba, na wodini hapakuwa na udongo, vigae tu vilivyopigwa deki. Basi alimtaja Nawoi, binti yao aliyekufa kwa njaa mwaka ule wa ukame, akaona haya kuchafua sakafu, na lile tone akalipaka midomoni mwa Ekaale, mashine ya umeme ikiwa bado inawaka.

Mpira ukatolewa. Ekaale alikunywa uji, akanywa maziwa, akalamba kijiko pande zote mbili, kama Nawoi. Lakini kadiri alivyokula ndivyo alivyokonda, na pumzi yake ikaanza kunuka vumbi na ile ngozi ya mbuzi waliyomzikia mtoto, na mchana alipolala, mdomo umefungwa na koo limetulia, chini ya kitanda kitu kilimeza, kikavu, taratibu, tena na tena, kama mtoto aliyepewa kikombe kitupu akakataa kuamini.

Abei alimpigia simu mganga wa kwao.

"Huyo ni mtoto yenu," mzee alinong'ona. "Chakula haifiki kwa Ekaale. Mwaga maziwa kwa udongo, ambia yeye aende. Mpira itarudi kwa pua, lakini bwana yako ataishi."

Akamsukuma mumewe kwa kiti cha magurudumu hadi uani. Alipoinamisha kikombe cha maziwa, Ekaale alimshika mkono.

"Mtoto ameshiba?" aliuliza, ulimi mzito.

"Bado."

"Basi mpe."

Abei alikiinua kikombe. Mwaka ule walimwambia Nawoi angoje, maziwa yanakuja, naye akangoja kwa adabu mpaka akaisha. Hakuweza kumwambia hivyo mara ya pili. Alimlisha mumewe huku akilia, siku hiyo na siku zote zilizobaki, na Adut akapima, akaandika, asielewe.

Walimzika Ekaale kwao Kakuma. Watu walipoondoka, Abei alimwaga matone mawili kaburini. La Ekaale lilinywewa na udongo papo hapo. La Nawoi likakaa juu, jeupe, halizami.

Kisha koo la Abei likameza. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Alirudi nyumbani, akawasha jiko, akabandika maziwa.