Moshi wa Kiwanja cha Katindiuka

Haya yalimpata rafiki yangu Venance, mwangalizi wa kiwanja cha ndege cha Katindiuka, na hadi leo hapendi kuulizwa.

Mchana ule wingu la milima ya Udzungwa lilishuka mpaka giza likaingia. Ndege ilikuwa njiani kumfuata mgonjwa mahututi. Venance akachoma nyasi mbichi ili moshi umwonyeshe rubani upepo, kisha akamwendea Mabula, aliyekuwa akichunga ng'ombe wake uwanjani, mzee ambaye Katindiuka nzima humwamkia.

"Shikamoo mzee. Toa ng'ombe, ndege inakuja."

"Marahaba. Nawatoa."

Ng'ombe walipokwisha kutoka, simu ikaita. Alikuwa rubani.

"Venance, milima imefunga. Nimegeuza, nimeshatua Dodoma."

Venance akatazama juu: ndani ya wingu injini ilikuwa ikinguruma, ikishuka. Magurudumu yakakwaruza changarawe, kisha kimya. Moshi uliokuwa wima ukalala chini, na uwanjani hapakuwa na kitu.

Ng'ombe ndio waliokiona. Waligeuza vichwa pamoja, wakakifuata taratibu kwa macho, mpaka yakatua nyuma ya mgongo wa Venance.

Mabula akavua kofia, akatazama juu ya bega la Venance, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.