Kijiko Kilichokataa Kuwaka

Marehemu alikuwa pikipiki. Alilala ubavu mbele ya zahanati, tangi linanuka petroli, mwili mzima hauna hata mkwaruzo.

"Amekata roho saa moja asubuhi," mkunga alimweleza Inspekta. "Nilikuwa nakwenda kuzalisha. Pikipiki akakohoa mara tatu hapa hapa, basi. Nimefika kwa miguu, nakuta mtoto keshazaliwa, ananigombeza kwa kelele."

"Mungu ni mwema," alisema Inspekta, akaandika saa.

Ng'ambo ya barabara umati ulikuwa umeizingira pampu ya mafuta. Walitaka ifungwe kabla ya adhuhuri. Mwenyewe, mjane aliyeleta petroli iliyochanganywa na ethanoli, yaani spiriti, miezi minne iliyopita, alikuwa amejifungia ofisini. Hakuwa na riziki nyingine.

Juu ya pipa alisimama fundi wa pikipiki, ambaye wote walimwita Mtabiri.

"Spiriti hunywa maji ya hewani! Inazama nayo chini ya tangi, injini inazimika! Nilisema, sikusema?"

"Ulisema!"

Inspekta alimshusha kwa kidole, akampeleka uani mwa zahanati, mkunga akiwasukumia pikipiki.

"Pikipiki hii uliigusa lini?"

"Jana jioni. Nilikaza breki."

"Na tangi?"

"Afande, tangi na breki wapi na wapi?"

"Ulifungua, hukufungua?"

"Sikufungua."

Inspekta alikinga mafuta ya tangi katika chupa ya kioo. Chini kulikuwa na tabaka la majimaji, petroli ikaelea juu yake.

"Si hayo niliyosema!" Mtabiri alipiga makofi.

"Taratibu, ndugu yangu. Haraka haraka haina baraka."

Katika chupa ya pili Inspekta alitia petroli ya mjane, akaongeza matone ya maji, akatikisa, akasubiri. Tabaka likajitenga chini. Kisha aliazima mabomba mawili ya sindano na vijiko viwili, akavuta majimaji ya chini ya kila chupa, akasogea mbali na mafuta.

"Spiriti huzama na maji. Basi majimaji haya ya chini lazima yawake. Kweli, fundi?"

"Kweli tupu."

Kijiko cha pampu kilishika moto wa buluu. Kwenye kijiko cha tangi, kiberiti kilisema chwii, kikazimika. Inspekta akawasha kingine. Chwii.

"Haya ni maji matupu. Tangi hili halikuwa na ethanoli hata tone."

Mkunga aliinamisha uso. "Ni kweli, afande. Sijawahi kununua kwa mjane. Kila Jumamosi navuka mto kufuata petroli ya zamani, isiyochanganywa. Kaka huyu ndiye aliyeniambia."

"Wewe?" Mtabiri aliduwaa. "Kumbe uliniamini?"

"Kuliko watu wote."

Mtabiri akaketi kwenye ngazi za zahanati.

"Maji nimetia mimi. Vikombe viwili. Miezi minne natabiri, na hakuna injini hata moja iliyokufa! Jana mke wangu aliniuliza, 'Baba watoto, hicho kiyama chako kinakuja kwa miguu?' Nikasema, ee Mola, ife moja tu, niheshimike. Na kati ya zote nimemuulia huyu dada!"

"Mola usimsingizie. Kikombe kilikuwa mkononi mwako."

"Nifunge, afande. Lakini nakuomba, usinipitishe pampuni."

"Mashtaka utasomewa. Ila pampuni tunaanzia."

Mbele ya umati, Mtabiri alizungumza na viatu vyake. "Jamani... maji yale... nilitia mimi. Mafuta ya mama hayana kosa."

"Paza sauti!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Mbona utabiri wako tuliusikia mpaka ng'ambo ya mto?"

Mtabiri akapanda tena juu ya pipa lake, akasema yote upya, kwa sauti ileile ya utabiri.

Komeo la ofisi likalia. Mjane akatoka akifuta macho kwa upande wa khanga, akawatazama mmoja mmoja mpaka wakaanza kukanyagana.

"Haya," alisema. "Pangeni foleni."