Mwavuli Uliolala Chali

Injini ilikohoa mara tatu, ikatema moshi mweupe, ikanyamaza. Walikuwa ndani ya mlango wa mwamba, pale ambapo maji yakianza kupwa hutoka kwa nguvu kuelekea bahari kuu, na hakuna mahali pabaya zaidi pa injini kufa. Kaitu alifungua kifuniko, akapuliza bomba la mafuta, akafunga, akavuta kamba ya kuwashia. Akavuta tena. Mara ya kumi na tisa kamba ilikatika mkononi mwake, akaanguka juu ya vikapu.

“Petroli imeingia maji,” alisema.

“Achana nayo. Shika kasia,” mkewe Temarewe alimjibu.

Temarewe alikuwa ameshakaa upande wa kushoto, kasia lake majini. Walipiga makasia saa mbili bila kupumzika. Binti yao Aritita, mwenye miaka tisa, alikumba maji kwa kopo la maziwa bila kuambiwa. Kisiwa kidogo cha Bikenimoa, walikokuwa wakienda kukausha nazi kama kila wiki, kilizidi kurudi nyuma. Kwanza kilikuwa minazi, kisha nywele, kisha unyoya mmoja, kisha bahari tupu.

“Maji?” Kaitu aliuliza.

“Dumu la lita tano. Na madafu manane.”

“Basi?”

“Basi. Si ndivyo tulivyozoea?”

Temarewe aliinama, akapeleka mkono chini ya benchi la mbele. Akapapasa. Palikuwa na kamba tu.

“Umeusahau mwavuli?”

“Sikuusahau. Tekaai ameuomba.”

“Lini?”

“Asubuhi, ulipokuwa ukifunga mchele.”

Temarewe aliutoa mkono chini ya benchi. Tekaai alikuwa kaka yake wa tumbo moja. “Haya,” alisema. “Kama ameuomba, ameuomba.” Hakulitaja tena neno hilo mpaka mwisho wake, na Kaitu angependa mno kama angelitaja.

Kisima cha Bikenimoa kiliingia chumvi miaka minne kabla ya siku hiyo, mawimbi makubwa yalipopita juu ya kisiwa. Tangu hapo, kila Jumatatu, familia hii ilibeba madumu mawili ya lita ishirini, na kila Jumatano maji yalikwisha, wakarudi na nusu ya nazi zikiwa hazijakaushwa. Bega la kulia la Temarewe lilishuka likawa chini ya lile la kushoto. Mvua ilinyesha kule, tena kubwa, lakini ya robo saa tu, na juu ya paa la makuti ilitoa maji ya rangi ya chai.

Kaitu alikuwa baharia wa meli za mizigo ujanani, akaijua turubai kama wengine wanavyoijua mikeka. Alikata ya kwanza ya kukingia mvua, upepo ukaibeba na kumfunika nguruwe wa jirani. Akakata ya pili. Hiyo ilijaa vizuri, kisha ikapinduka na kumwaga kila kitu miguuni pake. Mwaka wa tatu alipata alichokuwa akikitafuta: mbavu za mianzi zinazofunguka kuelekea juu kama ua, shingo ya chupa katikati pa kutokea maji, kizibo cha kuzuilia mpaka mvua ya kwanza ioshe vumbi na kumwagwa, na kwenye pindo mifuko kumi na miwili ya kutia mawe, ili upepo usipate pa kushika. Mifuko hiyo aliishona Temarewe. Ukikunjwa, mwavuli ule uligeuka mzigo wa kubebwa begani na mtoto. Ukifunguliwa, ulilala chali, kinywa wazi, watu wakauita mwavuli mlevi. Lakini robo saa ya mvua iliwapa lita thelathini, na bega la Temarewe likapumzika. Madumu makubwa wakayaacha nyumbani.

Ulikuwa mmoja tu. Asubuhi ile Tekaai alikuja akicheka.

“Shemeji, mlevi wako ameamka?”

“Ana safari ya Bikenimoa huyo.”

“Bikenimoa kuna sherehe gani? Mimi mwanangu anatimiza mwaka mmoja Jumamosi, nina watu mia na tangi linalia ngo, ngo, ngo kama tumbo la mchungaji siku ya mfungo.”

Kaitu alicheka. Kisha Tekaai akaacha kucheka, akayasema maneno kwa ukamilifu wake: “Kaitu, mume wa dada yangu, nakuomba mwavuli.”

Kwetu ombi la namna hiyo tunaliita bubuti. Ndugu akishalitamka, unatoa. Ukikataa, aibu hiyo wataikuta wajukuu wako. Kaitu alitoa. Kosa lake halikuwa kutoa. Lilikuwa kusukuma mashua majini baadaye na dumu moja dogo, kwa mazoea ya mtu ambaye bado ana mwavuli.

Siku ya pili, Temarewe alikuwa akifungua dafu la tano wimbi lilipoigonga mashua ubavuni, na panga likaingia chini ya kidole gumba cha kushoto mpaka mfupa ukaonekana. Kaitu alivua shati, akalichana vipande, akaosha jeraha kwa maji ya bahari.

“Inauma?”

“Nimeshazaa mimi. Funga.”

Mkondo uliwachukua magharibi. Kaitu alilijua hilo kwa jua na kwa ndege, ambao jioni walirudi upande walikotoka wao. Alivua samaki wawili wadogo, wakanyonya macho na maji ya uti wa mgongo. Maji machache yaliyobaki dumuni waligawana kwa kifuniko chake: kifuniko asubuhi, kifuniko jioni.

Siku ya nne wingu jeusi liliwajia. Temarewe alikuwa amemtandia mtoto shuka lake la maua kama kivuli. Wakalinyoosha, kila mmoja pembe mbili, matone ya kwanza yakaanguka mazito kama sarafu. Upepo ukaingia chini ya shuka. Uliwanyang’anya mara moja tu, kama mtu mzima anayempokonya mtoto kitu, na shuka likaruka, likatua majini mbali, likazama. Walilamba mabenchi. Walikusanya vikombe viwili kutoka chini ya mashua, vyenye chumvi, Aritita akanywa, akatapika.

“Mifuko,” Kaitu alikuwa akisema peke yake. “Mifuko ya mawe. Ndiyo maana niliweka mifuko.”

“Najua,” Temarewe alisema. “Mimi ndiye niliyeishona. Sasa nyamaza unisikilize. Chini ya mchele mna mfuko wa plastiki. Mna kitambaa cha sare ya kwaya, mita tatu, bado hakijaguswa.”

Kaitu alinyoosha mkono.

“Usikitoe! Utakitoa kabla wingu halijakukalia kichwani? La. Kwanza tengeneza mbavu, tengeneza shingo, kausha mikono yako. Chumvi ikikigusa, kimekufa.”

Siku ya tano na ya sita walifanya kazi hiyo. Kaitu alikata mwanzi wa kuvulia vipande vinne na shingo ya chupa ya mafuta ya kula. Badala ya mawe, Temarewe alichagua chubwi za risasi, vile vizito vya mshipi, kutoka kwenye kopo la ndoana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umevimba mpaka kiwiko, unanuka. Kwa mkono wa kulia alipitisha sindano ndani ya mfuko wa plastiki, kitambaa kikiwa humo humo, akifunga chubwi moja moja kwenye pindo. Homa ilimtetemesha. Alifunga saba.

“Kunywa,” Kaitu alimwambia kila jioni.

Temarewe alikuwa akipeleka kifuniko mdomoni, na koo lilipanda na kushuka. Lakini jioni ya sita Kaitu aliona midomo yake, mikavu kama gome, na akaona namna alivyokirudisha kifuniko juu ya dumu, taratibu, bila kumwaga. Alielewa kwamba mkewe hakuwa akinywa. Yalikuwa yamebaki maji ya siku mbili kwa mtu mmoja. Alimtazama Aritita aliyelala chini ya benchi, akamtazama mkewe, akakikaza kifuniko cha dumu.

Siku ya saba, jua likiwa utosini, Temarewe aliuliza, “Zimebaki chubwi ngapi?”

“Tano.”

“Zifunge karibu na pembe. Pembe ndizo zinazoshikwa.”

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho.

Kaitu alikaa naye mpaka kivuli cha mashua kikahamia upande wa pili. Kisha akafunga kamba ya nanga kiunoni mwa mkewe, na jiwe la nanga.

“Baba, mfunike,” Aritita alisema.

Kaitu alikaza fundo.

“Baba. Uso.”

“Shati langu liko mkononi mwake, mwanangu. Halitoshi.”

“Kitambaa kipo.”

“Kipo.”

“Si chake?”

“Ni chake.”

Mtoto alimtazama. Kwetu maiti haionyeshwi jua. Hata maskini hufunikwa mikeka mitatu, na ndugu asiye na mkeka huvua nguo yake. Kaitu aliuweka mkono wake juu ya mfuko wa plastiki, akaubana. Alikuwa na kitambaa cheupe cha mita tatu na mtoto mmoja hai.

“Geuka,” alisema.

Aritita hakugeuka. Alimwona mama yake akishuka, uso wazi, macho yakielekea juu, mpaka maji yakawa na rangi moja.

Mvua ilikuja siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri. Kaitu alikausha viganja kwenye nywele zake, akatoa kitambaa, akakifungua juu ya mbavu nne. Upepo uleule ulirudi, ukaingia chini, ukatafuta pa kushika. Pindo lilitikisika likabaki. Chubwi kumi na mbili zilining’inia mahali pake. Kaitu aliacha maji ya kwanza yaoshe kitambaa, akayamwaga, kisha akang’oa kizibo, na maji yakashuka ndani ya dumu kwa uzi mmoja mnene. Dumu likajaa. Wakajaza kopo, chupa, sufuria, na sanduku la barafu. Zilikuwa lita ishirini na mbili, na Temarewe alikuwa amezikosa kwa siku moja.

Aritita alikunywa, akatapika, akanywa tena. Jioni akajaza kifuniko cha dumu, akakimwaga baharini, taratibu.

“Unafanya nini?”

“Cha mama. Cha jioni.”

Alifanya hivyo kila jioni, siku kumi na moja, hata maji yalipopungua. Kaitu hakumkataza hata mara moja.

Siku ya kumi na tisa meli ya kuvua jodari iliwaona. Mabaharia walimwinua mtoto kwanza, kisha yeye, na mmoja wao akataka kukitupa kile kitambaa kilichochakaa. Kaitu alimshika mkono kwa nguvu ambazo hakujua kama anazo.

Walipofika nyumbani, ukoo wa Temarewe ulikuwa umekusanyika katika ukumbi mkubwa wa kijiji, wamekaa kwenye mikeka. Kaitu aliwaeleza yote, kwa mpangilio. Shangazi mzee wa marehemu alisubiri amalize.

“Mlimfunika na nini?”

“Hakufunikwa.”

Wanawake waliinamisha vichwa. Shangazi alifumba macho, na machozi yakapita katikati ya kope zilizofumbwa.

Hapo Tekaai aliingia. Alikuwa amebeba mwavuli begani, umekunjwa vizuri kuliko ulivyopata kukunjwa. Aliuweka chini, akakaa mbele ya Kaitu kichwa kikiwa chini ya magoti.

“Mvua ilinyesha Ijumaa usiku kucha,” alisema. “Tangi lilifurika, shemeji. Tuliyamwaga. Watoto waliyachezea.” Akausogeza mwavuli mbele. “Niombe kitu. Niombe mashua yangu. Niombe shamba la minazi. Niombe chochote, usinyamaze hivyo.”

Watu wote walimgeukia Kaitu. Aritita ndiye aliyesimama. Alikwenda mbele ya mjomba wake, mifupa ya mabega ikionekana chini ya gauni, akayasema maneno kwa ukamilifu wake, kama mtu mzima.

“Tekaai, kaka wa mama yangu, nakuomba mwavuli.”

“Chukua, mama,” Tekaai alisema. “Chukua.”

“Na unipeleke kwenye mlango wa mwamba.”

Kabla ya kupanda mashua, Aritita aliokota mawe ufukweni, akayahesabu: kumi na mawili. Kaitu alipoyaona, alielewa. Njiani alizitoa mbavu za mianzi moja baada ya nyingine, akaikata shingo ya chupa, na tundu lililobaki akalishona kwa uzi wa nyavu, kwa mshono wa kurudia, maana sanda haina tundu. Tekaai alizima injini. Aritita alitia mawe mifukoni, jiwe moja kila mfuko, kisha wakaitandaza turubai juu ya maji, watu watatu, kila mmoja upande wake.

Kwa kitambo ilielea chali, kama ilivyozoea. Kisha mawe yakalivuta pindo chini pande zote, katikati pakabaki juu pamevimba, na kwa mara ya kwanza tangu ushonwe mwavuli ule uligeuka ukawa kama miavuli mingine. Ulishuka hivyo, umeinama, kama unaotafuta wa kumfunika.

Walikaa hapo mpaka maji yakaanza kujaa na kuisukuma mashua kuelekea nyumbani.

“Shemeji,” Tekaai alisema, “nifundishe unavyokata.”

“Njoo kesho asubuhi. Tutakata miwili.”

“Miwili? Ya nini?”

Kaitu alimtazama binti yake. Aritita alikuwa anatazama maji.

“Mmoja wa kuombwa,” mtoto alisema.