Kitone cha Tisa

"Nani alilifuta jina la Wendell Aho?"

Niliuliza mbele ya klabu nzima ya mdahalo, jioni tuliyorudi mjini Duluth kutoka kumzika. Watu wanaokubishia hata salamu! Siku hiyo kila mmoja aliinamia kipande chake cha piza.

Wendell alikuwamo kwenye orodha ya safari. Alfajiri ya kuondoka, hakuwamo. Basi la klabu likamwacha. Akalifuata kwa gari lake, kwenye theluji...

Hakufika.

Msimu uliofuata nikapewa ukatibu.

"Linnea, niletee orodha ya safari kabla ya saa kumi na moja," akasema mwalimu wetu, Bi. Halvorsen.

Nje, giza la Januari lilishaanza kushuka. Katika klabu yetu hakuna katibu anayeanza ukurasa mpya. Tunanakili kwenye kompyuta orodha ya mwaka jana, vile vitone vya mwanzo wa kila mstari vikiwa vimeshapangwa, tunabadilisha majina tu. Nami nikafanya hivyo.

Majina manane. Vitone tisa.

Nikakifuta kile kitupu. Kikarudi. Nikakifuta tena.

Corwin, mwenzangu wa jukwaani, akacheka. "Umeshindwa na kitone? Wewe, mdomo wote huo?"

"Nenda kawashe gari, bwana. Mdomo utakukuta huko."

Akatoka. Mlango ukajifunga.

Ikaja harufu ya sufu iliyolowa. Kisha sauti ya vitufe vya kompyuta. Tk... tk... tk...

Mikono yangu ilikuwa mapajani.

• Niliambiwa jina halipo.
• Nikawafuata.
• Baridi.

Nikaukimbilia mlango. Kitasa kilikuwa na barafu, kikaning'ang'ania ngozi ya kiganja. "Corwin! Nifungulie!"



Nyuma ya sikio langu, mtu akanong'ona: "Niandike."

Nikaandika: Wendell Aho. Yale maneno yake yakafutika. Chini ya jina lake kikazuka kitone kingine, kidogo. Kikajisogeza ndani, kama vinavyofanya vitone vinavyomilikiwa na kile kilicho juu yake. Mbele yake likajiandika jina langu.

Mlango ukafunguka.

Kesho yake nilijaribu kulifuta jina lake. Kila herufi iliyotoweka, kifua changu kilijaa kitu baridi, kizito. Nilipobakiza W peke yake, sikuweza tena kuvuta pumzi. Nikarudisha zote.

Faili huhifadhi kumbukumbu ya kila aliyeligusa. Nimetafuta. Wendell alifutwa mara moja tu, saa kumi na moja alfajiri. Penye jina la aliyemfuta pana kitone tu, kitupu.

Kwa hiyo nimelilinda faili hili miaka miwili. Sijaenda likizo nyumbani. Sikumpa mtu neno la siri la kulifungua, wakaniita mchoyo wa cheo. Sasa nahitimu, na wamekuchagua wewe uwe katibu. Najua unavyopenda kurasa safi.

Vitone viwili vya mwisho, kimoja ndani ya kingine.

Tafadhali, usivifute.