Salamu Ndani ya Stoo

Haya yalimkuta rafiki yangu Kokulinda, muuza dagaa wa Buswelu, na hajawahi kuyasimulia akicheka.

Simu yake ina msaidizi wa akili mnemba anayeongea naye kutwa nzima. Kokulinda alimfundisha hata kuamkia, kila asikiapo sauti ya mzee.

Mchana mmoja alikwenda Nyakato kuchukua magunia kwenye stoo isiyo na dirisha. Mlango ukajifunga nyuma yake, giza likatanda. Panya walikwaruza mabati, kisha nao wakanyamaza.

Mfukoni, simu ikasema kwa adabu, "Shikamoo, babu."

"Unamwamkia nani?" Kokulinda aliuliza. "Humu hamna mtu."

Simu ilikaa kimya kama anayemsubiri mwenzake amalize kusema.

"Hatujambo, babu," ikasema. "Ndiyo, yuko peke yake."