Malango Saba na Kamba za Mbali

Kila siku Zulfa akitoka shule hupita nyumbani kula, huenda kisimani mara moja, kisha huenda chuoni kusoma Kurani. Baada ya chuo, kama kazi zote zimekwisha, ndipo hupata ruhusa ya kwenda kwenye kibanda cha mjomba wake Shaibu. Kibanda chenyewe kipo Kiegeani, kando ya barabara iendayo Utende. Kina mabenchi, televisheni moja na mashine ya gemu yenye pedi mbili, moja yake imefungwafungwa kwa utepe mweusi. Mama yake Zulfa, Bi Mwanahija, hakuyapenda magemu, lakini alijua kwamba kwa mjomba mtoto hawezi kupotea.

Msimu ule hakuna aliyecheza kwa utulivu pale kibandani. Wote walizungumzia gemu moja tu, tena ambalo lilikuwa bado halijatoka. Jina lake la kigeni lilikuwa refu, kwa hiyo watoto wa Kiegeani waliliita Malango Saba, kwa kuwa mchezaji alitakiwa kupita malango saba ya ufalme wenye majini, majoka na wachawi. Ungejichagulia mwenyewe uwe nani: mpiga upinde, tabibu, hata mwizi. Na watengenezaji waliahidi jambo ambalo watoto wale hawajapata kuliona kwenye gemu lolote. Wanakijiji wa humo ndani wangekumbuka kila ulichowatendea. Ukiwaibia, wangekufungia milango. Ukiwadanganya, wasingekuamini tena mpaka mwisho wa mchezo.

"Mimi nitakuwa tabibu," alisema Nasma, rafiki mkubwa wa Zulfa. "Nitawatibu wote, kila nikipita wanisalimie kwa jina langu."

"Wewe unaamini kila unachoambiwa," Zulfa alimjibu. "Watu hao hao ndio waliotengeneza lile gemu la farasi. Umesahau?"

Hakuna aliyesahau. Gemu la farasi lilikuja kwa mbwembwe nyingi, kumbe farasi wenyewe walizama ardhini hadi shingoni, na askari walipenya kwenye kuta kama moshi. Mjomba Shaibu, aliyekuwa amelitangaza kijijini kote, alichekwa mpaka akaona haya kufungua kibanda.

"Safari hii wamejifunza," alisema Tofiki, mwanafunzi mwenzao aliyechora malango saba kwenye jalada la kila daftari lake. "Wamechukua muda mrefu sana."

"Muda si hoja," alisema Zulfa. "Hoja ni nani amekagua. Wanasimama mbele ya watu wanasema, 'Tumemaliza, kila kitu kizima.' Wamepita kila lango? Wamezungumza na kila mwanakijiji? Mtu asiyekagua kazi yake akasema nzima, huyo ni mwongo, basi!"

Zulfa alikuwa na ulimi mkali, na wenzake walimwogopa kidogo kwa sababu hiyo. Ubaya ni kwamba mara nyingi alisema kweli.

Bi Mwanahija alikuwa mkulima wa mwani. Kamba zake za karibu zilikuwa si mbali na ufuko, na kamba za mbali zilikuwa kule ambako hakufikiki kwa miguu ila wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana. Mwani wa kamba za mbali ndio ulionenepa kuliko wote. Na mwaka huo alikuwa na ahadi. Shoga yake Bi Mwanahalima, mama yake Nasma, alikuwa amepoteza shamba lake lote kwa mawimbi. Alikuwa mjane, na mwani ndio uliomlisha yeye na mwanawe.

Wakulima wa mwani wa pale wana desturi yao. Mtu akipoteza shamba, jirani humpa mbegu, yaani mashada mabichi ya kufunga upya kwenye kamba, wala hamtozi chochote. Na anayepewa hapekui. Kuzigeuza mbegu tawi kwa tawi mbele ya aliyekupa ni kumwambia wazi kwamba humwamini.

Jumamosi moja ya bamvua, zikaja habari za msiba kutoka kisiwa cha Chole.

"Mwanangu, mimi navuka kwenda mazikoni," Bi Mwanahija alimwambia Zulfa huku akijitanda kanga. "Leo maji yanakupwa sana. Pita kamba zote, za karibu na za mbali. Kila shada uligeuze, uangalie upande wa chini, maana ugonjwa huanzia huko. Ukiona tawi limekuwa jeupe, kata, ulilete nchi kavu. Usilitupe majini. Kesho nampa Mwanahalima mbegu kutoka kamba za mbali, nami sitakuwa na nafasi ya kuangalia tena."

"Nimesikia, mama."

Jumamosi hiyo hiyo watengenezaji wa Malango Saba walikuwa wameahidi kulionyesha gemu lao moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Zulfa alishuka pwani na kisu na tenga. Kamba ya kwanza aliikagua kama alivyoagizwa, tawi kwa tawi. Ilikuwa nzima. Ya pili pia nzima. Mara akasikia sauti ya Tofiki kutoka ufukoni.

"Zulfa! Wameanza!"

Zulfa aliinua kichwa akazitazama kamba za mbali. Kutoka pale aliposimama zilionekana zimenyooka vizuri, mwani umejaa. Kama hizi za karibu ni nzima, zile zitakuwa na nini? Akachukua tenga lake tupu, akatoka mbio.

Kibandani hapakuwa na pa kukanyaga. Kwenye televisheni, mpanda farasi alipita lango la kwanza akaingia kijijini. Bibi kizee mmoja akatoka nyumbani kwake, akamshika mkono na kumshukuru kwa mbuzi aliyemrudishia zamani. Nasma alimbana Zulfa mkono, machozi yakimlengalenga.

"Umeona? Amemkumbuka!"

"Wametuonyesha lango la kwanza tu!" Zulfa alipaza sauti. "Mbona hawatupeleki kwenye ya mbali? Wanajua huko kumeoza!"

Kibanda kizima kikacheka, hata Tofiki. Zulfa naye alicheka sana, huku mchanga wa pwani ukiwa bado haujamkauka miguuni.

Bi Mwanahija alirudi jioni, amechoka na macho yamemvimba kwa kulia. Alikaa kizingitini kuvua viatu.

"Umepita kamba, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Na za mbali?"

Zulfa alijua kwamba kusema kweli wakati ule kungemletea makaripio tu. Mama yake angekagua mwenyewe kesho, na labda mbegu zingesubiri bamvua lijalo. Lakini aliona haya, tena aliogopa kunyimwa kwenda kibandani.

"Zote, mama. Nzima kabisa."

"Mungu akubariki," alisema Bi Mwanahija. "Umenipunguzia mzigo." Dua hiyo ilimchoma Zulfa. Akaviokota viatu vya mama yake, akaviingiza ndani.

Asubuhi yake kina mama walishuka pwani. Bi Mwanahija alikata mbegu harakaharaka, kwa kuwa maji yalikuwa karibu kugeuka na kwa kuwa alikuwa na neno la mwanawe. Nasma na Zulfa walibeba matenga. Bi Mwanahalima aliyapokea kwa mikono miwili bila kupekua hata tawi moja.

"Mungu akuzidishie, shoga yangu," alisema. "Sasa nami nitainua kichwa."

Bamvua lililofuata, kilio kilisikika kabla watu hawajafika majini. Mashada ya Bi Mwanahalima yalikuwa yamepauka, na yakiguswa yanakatika na kuelea. Kamba za mbali za Bi Mwanahija nazo zilikuwa hivyo hivyo. Bi Mwanahalima alisimama katikati ya shamba lake ameshika kamba isiyo na kitu, kisha akamgeukia Nasma kwa hasira.

"Nilikwambia uyafunike matenga! Umeyaacha juani ukaniulia mbegu!"

"Niliyafunika, mama. Wallahi niliyafunika."

"Usiape kwa uongo! Mbegu ya Mwanahija ilikuwa nzima. Ni wewe na magemu yako!"

Nasma alilia mpaka akashindwa kupumua vizuri. Zulfa alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo. Alikumbuka jinsi Nasma alivyovua kanga yake mwenyewe kuyafunika matenga yale, akarudi nyumbani jua likimpiga kichwani. Zulfa angenyamaza, hakuna ambaye angejua kamwe, na lawama ingebaki kwa Nasma.

Zulfa alisogea mbele. Akasema kwa nguvu: "Ni mimi! Sikupita kamba za mbali. Nilikwenda kibandani kutazama Malango Saba. Nilimdanganya mama."

Bi Mwanahija hakumpiga, na Zulfa alitamani ampige. Alimshika mkono, akamvuta mpaka mbele ya Bi Mwanahalima.

"Shoga yangu, nimekupa ugonjwa kwa mikono yangu mwenyewe," alisema.

Zulfa alipiga magoti kwenye maji. "Nisamehe, mama Nasma."

Bi Mwanahalima alimwinua. "Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Lakini msamaha siwezi kuutia chunguni nikampikia mtoto." Kisha akamvuta Nasma kifuani, akamwomba radhi yeye pia, na wote wawili wakalia.

Bi Mwanahalima hakuweza kungoja mwani uote upya. Alifungasha vitu vyake, akaenda dago, kambi ya wavuvi waliotoka wilaya nyingine za pwani, kuwapikia. Nasma alipelekwa kisiwani Jibondo kwa bibi yake, akahamishiwa shule ya huko. Siku ya kuondoka Zulfa alimsindikiza hadi kwenye mashua.

"Wataonyesha lango la pili karibuni," alijaribu.

"Ukilicheza, usinisimulie," alisema Nasma, akapanda bila kugeuka nyuma.

Kazi iliyofuata ilikuwa ngumu. Zulfa na mama yake walikata mwani wote mgonjwa, wakautoa nchi kavu. Wakulima wa Jibondo waliwapa mbegu mpya. Zulfa hakusubiri kuambiwa. Alifunga kamba za Bi Mwanahalima kwanza, ndipo akafunga za kwao. Kila bamvua alizipita zote, na vidole vyake vikachubuka kwa chumvi na kamba. Taratibu mwani ukashika, ukajaa. Bi Mwanahalima aliitwa kutoka dago, akaja akalikuta shamba lake zima. Alishukuru kwa adabu. Nasma hakurudi, bibi yake alikuwa ameshamzoea, na masomo hayakupaswa kukatizwa tena.

Malango Saba nalo likatoka. Kibanda kilijaa kama siku ile. Farasi hawakuzama, malango yalifunguka, na majoka yalitema moto wa kupendeza. Tofiki alikuwa wa kwanza kushika pedi. Kwa kujaribu, alimwibia bibi kizee mbuzi wake, akatoka kijijini, kisha akarudi. Bibi kizee akatoka nyumbani akitabasamu, akamshika mkono na kumshukuru kwa wema wake.

Mabenchi yote yakazomea.

"Hakumbuki chochote!" alisema Tofiki, nusura alie. "Zulfa, ulisema kweli. Wametudanganya."

Wenzake walimgeukia Zulfa wakitarajia maneno yake makali. Zulfa alimtazama bibi kizee yule anayetabasamu kwa mwizi wake, akamkumbuka Nasma aliyetaka kusalimiwa kwa jina. Hakufurahi hata kidogo. Aliaga, akaenda nyumbani.

Siku chache baadaye jirani yao, Bi Safia, alikuja kuomba mbegu kwa kuwa kamba zake zilikatwa na mawimbi. Bi Mwanahija alimshushia tenga zima. Bi Safia alichuchumaa, akachukua shada la kwanza, akaligeuza. Akakunjua tawi moja, akakunjua la pili. Alipekua tenga lote mpaka chini, wala hakumwangalia Bi Mwanahija usoni. Kisha akashukuru, akajitwika, akaondoka.

"Tangu nianze kulima hapa," Bi Mwanahija alisema, "hakuna aliyepata kupekua mbegu yangu."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Nakwambia ili ujue, si ili ulie. Ukisema umekagua na hujakagua, huo ni uongo kama uongo mwingine wowote, na mara nyingi anayeumia si wewe uliyeusema. Wale wa gemu lako uliwaita waongo, na kweli ni waongo. Maneno hayo ungejiambia na wewe siku ile. Kosa ulilisema mwenyewe, na hilo lilimwokoa Nasma na lawama. Lakini kuaminiwa hakurudi siku moja na kukiri."

"Wataacha lini kupekua, mama?"

"Sijui. Huenda wasiache. Wewe kagua tu, wakikuona na wasipokuona."

Lilikuwa limebaki tenga moja, la Bi Mwanahalima, aliyetaka kuongeza kamba. Zulfa alipiga magoti mchangani, akamwaga mashada yote, akaanza kuyageuza tawi kwa tawi, kuanzia yale yaliyokuwa chini kabisa.