Jina Nililolitaja

Jua lilikuwa linazama nilipotoka na mpira wa maji kwenda kujaza tangi. Jangwa la Arizona lilinuka vumbi na moshi wa kuni. Mimi na mume wangu Dwight tulikuwa tumerudi kuishi kwenye gari-nyumba siku hiyohiyo, na nilitembea nimeinamisha kichwa. Mwaka uliotangulia wenzetu wa barabarani walitufanyia karamu ya kutuaga. Tulijitapa kwamba tumenunua nyumba Tulsa, kuhamahama sasa basi. Nyumba ikatushinda.

Verlin, mzee wa gari la jirani, alinipokea ule mpira.

"Karibu tena, binti. Kuta ziliwawasha?"

Nilicheka kwa aibu. Hakuuliza zaidi. Ndiye aliyetushikia nafasi kando yake. Alipanga viti vyake vibovu pale, akagombana na kila aliyetaka kuegesha.

Alipofunga bomba, alishusha sauti.

"Msimu huu kuna kitu hapa. Jua likizama, ukisikia unaitwa jina lako nje, usiitike. Mtu wa kweli hugonga mlango."

"Unanitania, mzee."

"Nakutania kila siku. Leo hapana."

Ndani, Dwight alikuwa amelala nyuma ya pazia, akisubiri zamu yake ya ulinzi kwenye machimbo ya kokoto. Nikafungua kompyuta, nikavaa vipokea sauti. Kazi yangu ni kujibu simu za wateja wa bima, popote tulipoegesha. Mteja wa kwanza alilalamika, akakata. Nikavua vipokea sauti ninywe maji.

Kimya...

"Marlys."

Ilitoka chini ya dirisha.

"Marlys, nifungulie. Nimesahau funguo."

Sauti ya Dwight.

Nikavuta pazia. Dwight alikuwa palepale, anakoroma.

Harufu ya nywele zilizoungua ikaingia. Gari likainama upande mmoja, taratibu, kama limeegemewa na mtu mzito. Nilitaka kumwamsha mume wangu, mkono ukakataa kuinuka.

"Najua upo," kitu kile kikanong'ona, sasa kwa sauti yangu mimi. "Hutaki kutoka. Haya. Nani atatoka?"

Kikasogea karibu zaidi na dirisha.

"Nitajie mmoja tu, niende zangu."

Kucha zikakwaruza bati kuanzia dirishani, zikaenda, zikaenda... zikasimama usawa wa kichwa cha Dwight.

Nikanong'ona.

"Verlin."

Gari likakaa sawa. Changarawe ikalia kuelekea kwa jirani. Kisha nikasikia sauti yangu huko nje, laini, ya mtu mwenye shida:

"Mzee Verlin, njoo mara moja. Bomba linavuja."

Ningeweza kupiga kelele. Muda ulikuwepo. Nilisikia kitanda chake kikilia, nikamsikia akikohoa akitafuta viatu. Yeye ndiye aliyenionya, lakini masikioni mwake aliyeomba msaada nilikuwa mimi.

"Nakuja, binti," aliitika.

Nikavaa vipokea sauti, nikapokea simu iliyofuata.

"Habari za jioni. Nikusaidie nini?"

Asubuhi mlango wake ulikuwa wazi, taa inawaka. Walinzi wa eneo wakaleta mbwa. Mbwa wakanusa ngazi yake, wakaja moja kwa moja hadi chini ya dirisha letu, wakalala hapo, wakakataa kuinuka.

"Wazee hupotea jangwani," mlinzi mmoja alisema, lakini aliniangalia kwa muda mrefu.

Dwight alikuwa anafuta macho. "Maskini Verlin. Na wewe hukusikia kitu?"

"Nilikuwa kwenye simu."

Hawakumpata. Tulihama wiki hiyo, na Dwight hajui mpaka leo.

Sasa tuko New Mexico. Jana, giza likianza kuingia, mlango uligongwa. Alikuwa mama wa gari la jirani, amebeba sahani ya mkate wa mahindi wa moto, anatabasamu.

"Karibuni, jirani. Mimi naitwa—"

"Usiniambie," nikasema.

Tabasamu likamtoka. Alisimama pale na sahani yake, akisubiri nimweleze. Nikafunga mlango.